Andiko Zuri na Kazi Nzuri: Tunavyopitia Maombi ya Ruzuku za Sanaa

Tangu nilipokubali kujitolea katika kamati inayopitia maombi ya ruzuku za sanaa za jamii hapa Dar es Salaam, wasanii ninaofahamiana nao wamekuwa wakiniuliza swali lile lile: mnaangalia nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba tunaangalia vigezo vilivyotajwa kwenye wito wa maombi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii kiongozi wa kikundi aliyekesha na wenzake wakijaza fomu, kisha akapokea barua ya mistari miwili inayomshukuru kwa kushiriki. Nimeona ni haki nieleze kwa kirefu jinsi kazi hii inavyofanyika, na hasa jambo moja ambalo limenishughulisha kuliko mengine yote: namna ya kuhakikisha kwamba tunachokipima ni sanaa yenyewe, wala si ufundi wa kuandika maandiko ya miradi.

Kwanza niweke wazi aina ya fedha ninazozizungumzia. Msanii wa mji huu anayetafuta mtaji ana milango kadhaa ya kubisha. Upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, ambao wengi wanaufahamu kwa mikopo yake. Ipo pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Milango hiyo ina maana kubwa kwa mwenye studio ya singeli kule Manzese, au kwa fundi anayechonga vinyago pale Mwenge, kwa kuwa kazi yao ina mnunuzi na marejesho yanawezekana. Lakini yupo mama anayewafundisha watoto wa mtaani kwake ngoma ya kwao jioni baada ya shule, na wapo vijana wanaoigiza uwanjani bila kiingilio, na hao hata ukiwapa mkopo wenye masharti nafuu kiasi gani hawana mahali pa kutoa rejesho. Mfuko tunaousaidia sisi ni mdogo, na upo kwa ajili ya watu wa namna hiyo: unatoa ruzuku isiyorudishwa.

Kutorudishwa huko ndiko kunakoufanya uamuzi uwe mzito. Anayekopesha hujua baada ya miezi michache kama alichagua vizuri, kwa kuwa marejesho huja au hayaji. Sisi hatuna kipimo cha namna hiyo. Fedha ikishatoka kwetu, kilichobaki ni ripoti, na ripoti nayo ni karatasi nyingine inayoandikwa na yule yule aliyeandika ombi.

Katika kamati yetu yupo mwalimu mstaafu wa sanaa za maonyesho, yupo mama anayeshona mavazi ya vikundi vya taarabu, yupo mhasibu, yupo kijana mtayarishaji wa muziki kutoka Tandale, na nipo mimi ninayefundisha fasihi ya Kiswahili sekondari. Mratibu wa mfuko huketi nasi bila kupiga kura. Hatulipwi posho ya kikao. Tunarudishiwa nauli na tunapata chai. Nalitaja hili kwa sababu lina athari zake. Wanaobaki ni wale wanaoipenda kazi yenyewe, na hilo ni jema, lakini utaratibu huo huo unawafungia nje watu ambao Jumamosi ndiyo siku yao kubwa ya kutafuta riziki, na mara nyingi hao ndio wanaoijua zaidi hali ya wasanii tunaowajadili. Ningependa siku moja mfuko uwafidie wajumbe wa aina hiyo kwa siku wanayoipoteza, hata kama sisi wengine tutaendelea bila malipo.

Kila mjumbe husoma maombi nyumbani na kutoa alama kuanzia 1 hadi 5 kwa kila kigezo: ubora wa kazi, faida yake kwa wanaoizunguka, uwezo wa kikundi kuitekeleza, na bajeti. Kabla hatujaanza kujadili ombi lolote, mwenyekiti huuliza kama kuna mjumbe mwenye uhusiano na waombaji. Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na jamii ya wasanii wa Dar es Salaam ni ndogo kuliko watu wanavyodhani; si rahisi kupitisha maombi ya msimu mmoja bila kukutana na shemeji wa mtu, mwanafunzi wa zamani wa mtu, au kikundi ambacho mjumbe aliwahi kukishonea sare. Mwenye uhusiano hutoka nje ya chumba, na muhtasari huandika kwamba alitoka. Sikubaliani kabisa na kamati zinazomruhusu abaki kwenye kiti chake akiwa amenyamaza, kwa sababu wenzake bado wanauona uso wake, na uso wa mtu unayemheshimu unaweza kukuongezea au kukupunguzia alama bila wewe kujua.

Sasa nije kwenye maandiko yenyewe. Ukisoma maombi mengi kwa mfululizo unaanza kusikia ndani yake sauti za wafadhili waliopita. Kikundi cha maigizo kinaeleza kwa kurasa mbili mafunzo ya kutengeneza sabuni, kwa sababu mara ya mwisho kilipoomba fedha kiliambiwa kithibitishe shughuli ya kiuchumi. Kikundi cha ngoma kinaandika kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na ukitafuta ngoma yenyewe ni ipi, inachezwa na nani na ina nyimbo gani, huioni. Siwalaumu. Tangu miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi kubwa ya kupeleka sanaa za maonyesho vijijini ili wananchi wenyewe wazitumie kujadili matatizo yao, wakianzia kwenye ngoma, nyimbo na hadithi walizokuwa nazo. Kilichofuata baadaye, fedha za miradi zilipoanza kumiminika, ni kwamba vikundi vingi vilikabidhiwa ujumbe uliokwisha kuandikwa ofisini na kuombwa viuimbe. Kikundi kilichoishi hivyo kwa miaka mingi hufika mahali kikaamini kwamba hakuna mtu duniani atakayelipia ngoma kwa sababu ni ngoma.

Kwa hiyo mimi siku hizi nikifungua ombi naanza na bajeti. Maelezo ya mradi yanaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye kalamu nzuri, na mjini hapa wapo wanaoyaandika kwa malipo. Bajeti ni vigumu kuandikiwa na mgeni, kwa kuwa inahitaji mtu anayejua kazi inakula nini.

Nitoe mfano. Msimu mmoja tulipokea ombi la kikundi cha mdundiko kutoka Kigamboni. Andiko lilikuwa ukurasa mmoja na nusu, limechapwa steshenari, sentensi nyingine zimekatika katikati, na mahali palipotakiwa malengo mahususi paliandikwa tu kwamba ngoma zimechakaa na watoto wanataka kujifunza. Mjumbe mmoja alikuwa amelipa alama ya chini sana katika uwezo wa utekelezaji. Lakini bajeti ilikuwa na mistari hii: ngozi za mbuzi, ngozi ya ng'ombe kwa ngoma kubwa, nauli ya kwenda machinjio ya Vingunguti kufuata ngozi, nauli ya pantoni, mtu na mzigo, vigingi, fundi wa kuwamba, siku mbili, kuni za kupashia ngoma moto, kirikuu ya kubebea ngoma siku ya maonyesho, kibali, maji ya kunywa kwa watoto. Aliyeandika vile alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi kichwani na mikononi mwake kabla hajatuomba shilingi. Alijua kwamba mdundiko ni ngoma ya Wazaramo inayotembea, kwamba watu huifuata mtaa hadi mtaa, na kwa hiyo pasipo kibali na maji ya kunywa hakuna maonyesho.

Ombi jingine katika furushi hilo hilo lilikuwa nene, limejaa majedwali, limeandikwa kwa ufasaha kabisa. Karibu nusu ya fedha zake zilikuwa za semina hotelini, mabango, fulana na mshauri wa mradi. Wasanii walitokea kwenye mstari wa mwisho, chini ya posho.

Tulikubaliana kwamba maombi yanayotugawa namna hiyo yatembelewe, na mimi na mama mshonaji tukavuka kwenda Kigamboni. Kiongozi wa kikundi ni bibi wa makamo ya kuheshimika, na baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kutukaribisha mkekani, hakutupa maelezo marefu. Alimwagiza mjukuu wake alete ngoma. Ngozi yake ilikuwa imechanika pembeni na kushonwa kwa uzi wa nailoni, na vigingi viwili vimebadilishwa kwa vipande vya mti mwingine uliokuwa mweupe kuliko wenzake. Aliipiga mara mbili kwa kiganja.

"Sikiliza, mwanangu. Masika imeshaila ngozi hii. Ukiipiga inajibu kama debe."

Mama mshonaji akamuuliza, "Sasa bibi, hao watoto wanafundishiwa nini kama ngoma ndiyo hii?"

"Nawafundisha kwa mdomo na kwa makofi," akajibu. "Mguu wanao. Sauti ya ngoma hawajaijua."

Nilirudi nikiwa na hakika kwamba alama za utekelezaji zilizotolewa mezani zilikuwa za andiko, na kwamba kikundi kilistahili alama nyingine kabisa. Katika kikao kilichofuata yule mjumbe aliyekuwa na shaka aliuliza maswali mazuri kuhusu nani atazitunza fedha, akaridhika, na ombi likapita.

Hapo ndipo tulipokutana na kikwazo ambacho sikuwa nimekitarajia, nacho ni risiti. Masharti ya mfuko yalidai kila matumizi yaambatane na risiti ya kielektroniki. Muuza ngozi machinjioni hana mashine hiyo, fundi wa kuwamba hana, na dereva wa kirikuu hana. Mwenye duka la kuchapa fulana anayo. Mtu akitafakari kidogo ataona matokeo yake: sharti lililowekwa kwa nia njema ya kuzuia wizi linaisukuma fedha ya sanaa kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye fulana, na baada ya miaka michache unakuwa na vikundi vyenye sare nzuri na ngoma zilizolegea. Mhasibu wetu, ambaye si mtu wa kulegeza taratibu, ndiye aliyependekeza njia: kwa manunuzi yaliyo chini ya kiwango maalumu, kikundi kitumie hati ya malipo yenye jina, sahihi na namba ya simu ya muuzaji, ishuhudiwe na wanakikundi wawili, na iambatane na picha ya kilichonunuliwa. Mfuko ulikubali kuijaribu. Kwa maoni yangu uamuzi huo mdogo umewasaidia wasanii wa jadi kuliko hotuba nyingi za kuhimiza kulinda urithi.

Kigezo kinachonipa shida zaidi ni kile cha uendelevu, ambapo mwombaji huulizwa mradi utaendeleaje ruzuku ikiisha. Huwa najiuliza Edward Saidi Tingatinga, aliyekuwa akichora kule Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, angelijibuje. Bajeti yake ingekuwa rangi, hadibodi na brashi, na mpango wake wa uendelevu ungekuwa ni vijana na ndugu waliokaa karibu naye wakitazama mkono wake. Alifariki mwaka 1972, na ni hao hao walioubeba mtindo ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Sasa nikiona ombi linalosema kwamba wazee watatu watawafundisha vijana kumi, na hakuna neno lingine lolote kuhusu uendelevu, ninalihesabu hilo kuwa jibu kamili.

Kuhusu hesabu ya alama, kuna jambo la kiufundi ambalo nadhani kila kamati inapaswa kulijua. Ombi ambalo wajumbe wote wamelipa 3 na ombi ambalo nusu wamelipa 5 na nusu wamelipa 1 yana wastani ule ule. La kwanza ni ombi la kawaida ambalo halikumsisimua mtu. La pili lina kitu ndani yake; pengine ni hatari, pengine ni kipaji kisichofanana na vingine, lakini wastani hautakuambia ni lipi kati ya hayo. Siku hizi tunaanza kikao kwa kujadili yale ambayo alama zake zimetofautiana sana, wakati akili bado hazijachoka, na yale tuliyokubaliana tunayapitia haraka mwishoni. Kijana wa Tandale ametufundisha mengi kwa njia hiyo, kwa sababu maombi ya muziki anayoyapa 5 mara nyingi ndiyo ambayo sisi wenye umri mkubwa tuliyapa 2, na akituchezea kinanda cha singeli kwenye simu yake na kutueleza kilichofanywa pale, tunasikia kazi ambayo karatasi haikuwa na namna ya kuitoa.

Fedha huwa haitoshi, na hapo huja kishawishi cha kumpa kila mtu nusu ya alichoomba ili asiwepo wa kununa. Ninapingana na desturi hii kila inapoletwa mezani. Kikundi kilichoomba milioni tatu kikipewa milioni moja na nusu hakifanyi nusu ya mradi. Hufanya mradi wote kwa ubovu, au hukata kile ambacho hakionekani kwa mfadhili, ambacho mara nyingi ni ujira wa mwalimu na muda wa mazoezi. Ni afadhali kukilipa kikundi kimoja kikamilifu na kukiambia kingine kije msimu ujao, mradi kielezwe sababu kwa uwazi.

Sababu hizo ndizo zilizokuwa hazitolewi. Tumekubaliana sasa kwamba kila aliyekosa apate maelezo mahususi, kwa Kiswahili, yanayotaja sehemu ya ombi lake: kwamba maonyesho ya uwanjani yamepangwa Aprili katikati ya masika na hakuna mpango wa mahali pa ndani, kwamba cheti cha usajili wa Baraza la Sanaa la Taifa kimekwisha muda wake, kwamba bajeti ina spika za kukodi lakini haina mtu wa kuziendesha. Kuandika maelezo hayo kunachukua muda kuliko kutoa alama, na sisi wajumbe tunagawana. Mimi huandika yale ya maigizo na ushairi. Nimegundua kwamba nisipoweza kuandika sababu kwa sentensi mbili zilizonyooka, basi bado sijawa na sababu, na ombi hilo hurudi mezani.

Lililobaki bila kuamuliwa ni pendekezo langu la kupokea maombi kwa sauti. Baraza la Sanaa la Kanada, ambalo limetumia wasanii wenyewe kupima maombi ya wenzao kwa miongo mingi, huwaruhusu baadhi ya waombaji wanaokabiliwa na vikwazo vya lugha au ulemavu kuwasilisha maelezo yao kwa sauti au video badala ya maandishi. Sioni kwa nini bibi wa Kigamboni asirekodiwe na mjukuu wake kwenye simu, akaeleza kazi yake kwa dakika kumi na kutusikilizisha ngoma, kisha bajeti ndiyo ije kwenye karatasi. Mwalimu mstaafu ananiunga mkono. Mhasibu anauliza, na ni swali la haki, jinsi gani tutalinganisha sauti ya mtu mwenye mvuto na ukurasa wa mtu mwenye haya, na nani atasikiliza rekodi zote hizo kwa makini ileile tunayoipa karatasi. Mratibu ameomba kila mmoja wetu alete pendekezo la maandishi, likiwa na maswali matano ambayo kila mwombaji wa sauti atayajibu kwa mpangilio mmoja. Langu nimeshalituma, na swali la kwanza nililoliweka ni: tuonyeshe kifaa unachokitumia, na utueleze kina tatizo gani.